Maua Mezani Kwangu

Dada yangu Maren,

Jamu yako imefika salama. Usishangae mwandiko, naandika haraka.

Juzi tulimzika Mheshimiwa Tollefson, aliyepinga mswada wa reli pamoja nami. Wanasema aliteleza kwenye ngazi za Bunge. Leo asubuhi nimekuta maua meupe mezani kwangu. Hapa bungeni maua hayo huwekwa kwenye meza ya mbunge aliyefariki tu.

"Ah, mama, vijana wamekosea meza," Spika akaniambia huku anacheka. "Lakini kaa nayo tu, hayanyauki upesi."

Kesho tunapiga kura, nami nitapinga. Ukiambiwa nimeteleza, usikubali. Nitavaa zile buti zako za zizini, zisizoteleza hata kwenye barafu.

Mdogo wako,
Thea