Kigelegele changu na chembe ya Tausi

Jumanne usiku

Mdomo wangu huu utaniua.

Wiki nzima sijatwanga kisamvu kwenye nyumba yangu mwenyewe, kisa Tausi, mtoto wa dada yangu, anayesoma chuo. Chumbani kafunga kioo kidogo kama cha simu, alikitoa kwenye projekta mbovu. Mwanga wa leza ukipita pale kioo kinaupanga upya, basi unashika chembe ndani ya tone la maji na kuihamisha. Meza ikitikisika tu, chembe inatoroka. Na kesho mwalimu wake anataka video ya hiyo chembe inatembea, la sivyo mtihani hafaulu.

Leo mchana kaniita. "Mamdogo, njoo uone kabla sijarekodi. Ila usiseme kitu."

Mimi huyu! Nikaangalia kwenye kompyuta, kidoa kinasogea, kinafuata mwanga kama kifaranga na mama yake. Sikusema kitu, wallahi. Nilipiga kigelegele.

Mama Shufaa wa jirani na wenzake wakaingia mbio, wakidhani posa imekuja, wakaanza kucheza. Meza ikatikisika, chembe ikaenda zake.

"Mamdogo, si nilikwambia?" Tausi machozi yanamlenga. Mpaka sasa yuko mle ndani anaitafuta, na mimi nanyata kama mwizi kwangu.

Wale nimewafukuza. Nimewaambia hakuna mchumba, ni chembe tu ya Tausi.

Sasa Magomeni nzima inaniuliza, huyo Chembe mtoto wa nani?