Goti Lisilo na Kosa

3 Februari

Mwanangu,

Salamu tele, wewe na huyo aliyemo tumboni. Ameanza kucheza? Mimi mzima, ila goti. Nilipanda stuli nipanguse vumbi kofia ya marehemu baba yako juu ya kabati; stuli ikaenda zake, nami nikaenda zangu. Zahanati wamelipiga picha goti, halina kitu. Wamenipa dawa ya kuchua.

Mwezi wa saba nitakuja kumpokea mjukuu. Nitambeba nikiwa nimesimama, siyo kuwekewa mapajani kama mgeni.

Mama yako

14 Februari

Shikamoo Mama,

Sisi salama. Huyu wa ndani anapiga mateke mpaka cherehani inatikisika. Pole na goti. Nimekushonea gauni, nalituma na barua hii. Vaa, ujisikie vizuri.

Mwanao

25 Februari

Fundi wangu,

Hamjambo? Gauni limefika, rangi imenipenda. Ila ulikuwa unasinzia? Upande wa kulia linaburura chini. Shangazi yako amecheka mpaka akatafuta pa kukaa. Baba yako angesema mimba imekula tepu.

Goti limepigwa picha nyingine, bado halina kitu. Daktari ni kijana mpole, umri wa mdogo wako. Natembea kwa kushika kuta.

Mama yako

2 Machi

Shikamoo Mama,

Mimi sijambo, ila leo sina utani. Pindo la gauni lile nililipima mezani, liko sawa pande zote. Kama linaburura upande mmoja, basi ni mguu uliopungua. Mama, maumivu yanaanzia wapi hasa? Niambie kama unavyoniambia mimi, siyo kama unavyomwambia kijana wa watu.

Mwanao

9 Machi

Mwanangu,

Afya yako kwanza, natumaini ni njema. Yanaanzia kwenye nyonga, kule ndani karibu na kinena, ndipo yanashuka gotini. Sasa ningemwambiaje mtoto wa watu maneno hayo, halafu aseme nimwonyeshe? Nikasema goti. Nalo linauma kweli, sikudanganya sana.

Barua yako ilipofika nilikwenda na shangazi yako. Alisema yeye, mimi nilitazama dirishani. Kijana hakucheka. Alinilaza, akatazama nyayo, akaona wa kulia umegeukia nje. Picha ya nyonga imeonyesha mfupa wa paja umevunjika shingoni, pale unapoingia kwenye nyonga. Akaniuliza taratibu, "Mama, goti lilikukosea nini?"

Keshokutwa hospitali kubwa wananiwekea kichwa cha mfupa cha chuma. Naogopa, mwanangu. Usije, safari si yako sasa.

Mama yako

23 Machi

Shikamoo Mama,

Nilikuandikia juma lililopita, kimya. Ninachoshona kinapinda, nafumua, kinapinda tena. Niandikie hata neno moja.

Mwanao

28 Machi

Mwanangu,

Nimesimama.

Hilo ndilo neno lako, mengine ni nyongeza. Kesho yake tu baada ya kupasuliwa alikuja mama wa mazoezi, mikono kama ya mkanda unga, akaniambia niinuke. Nilimwita majina. Akasema niite yote, mradi nayaita huku natembea. Sasa nina fremu ya kutembelea, na wodi nzima inaniita Bibi Harusi kwa mwendo wangu.

Nilidhani nitalia kwa kuwa baba yako hayupo kunishika mkono. Nililia kidogo. Kisha nikamkumbuka alivyokuwa akinifuata nyuma sokoni, akilalamika kwamba nakimbizwa na nani. Nikacheka peke yangu. Mama wa mazoezi akadhani ni dawa.

Mama yako

19 Julai, hapa hapa mezani kwako

Mwanangu, sasa mama mzazi,

Umeamkaje? Natumaini umelala. Bwana mdogo aliamka akitafuta ugomvi, nimemchukua, tunazunguka uani tunaota jua. Usitutafute, lala tena. Na ukiliona gongo langu la kutembelea mlangoni usishtuke. Mikono haikutosha.

Bibi yake