Sweta za Bungoma

Jumatatu, 8 Septemba 2025
Hajati Umulkheir, mwenye karakana yetu hapa Katwe, Kampala, amerudi kutoka mkutano na wafumaji wa Kenya. Akazima mashine ndipo akatueleza. Wanalalamika – sweta zetu za shule zimejaa Bungoma, zao hazinunuliwi, karakana zinafungwa. Wameomba tupunguze wenyewe, kabla hawajaiomba serikali yao itufungie mpaka. Wenye karakana wa huku wamekubali. Kwa hiari, anasema. Tulikuwa tunapeleka sweta elfu mbili kwa mwezi. Sasa mia nane.
Hiari ya mtu aliyeonyeshwa fimbo.

Jumatano, 10 Septemba
Nimempigia dada yangu Dolphine, Bungoma. Sijasema lolote, akaniambia wameitwa tena kazini, karakana yao ya sweta, baada ya miezi mitano nyumbani. Anacheka kama zamani. Nimempongeza. Sikumwambia kwamba sweta zilizomkalisha nyumbani nilizifuma mimi.
Pengine anajua. Hajawahi kuuliza ninafuma nini.

Ijumaa, 12 Septemba
Hajati aliniita kabla ya kwenda kuswali. Tuko mafundi wanane, kazi ni ya wanne. Mimi ndiye msimamizi, nichague wa kuondoka. Nimeshindwa. Nikamwomba tupeane zamu – wiki kazini, wiki nyumbani. Tujaribu mwezi mmoja, akasema.
Wenzangu wamekubali. Loice tu alirudi kwenye mashine yake. Ndiye aliyenifundisha mashine nilipofika Kampala sijui kitu. Analea wajukuu watatu peke yake. Nilimsimulia habari za Dolphine, nikidhani zitamfariji. Ujinga wangu.

Jumatatu, 15 Septemba
Hajati yuko Jinja, msibani. Ni wiki ya Loice kukaa nyumbani, lakini nimemkuta mlangoni na Odero, anayetuvushia mizigo. Odero anataka sweta elfu moja zilizobaki stoo. Tuzitoe lebo, atazipitisha mpakani Busia, ziuzwe kama za Kenya. Hajati atapewa hela yake, Odero ataleta oda nyingine kila mwezi, nasi tutarudi kazini sote. Nani atajua?
Nikasema tumeshatoa ahadi.
“Ahadi ametoa Hajati,” Loice akajibu. Hakupandisha sauti. “Dolphine wako amerudi kazini, Nerima. Na mimi?”
Nikaingia stoo, nikajifungia na sweta hizo. Naandika nimesimama, daftari juu ya magunia kando ya mlango. Nje gari la Odero linanguruma. Loice anagonga – polepole, mara moja moja. Haiti jina langu. Anajua nimesimama karibu na kitasa, sijui kama nitafungua.