Roboti ya Hodi Moja

Jumamosi, 13 Novemba 1999

Zuhura wa kaunta hajui alichonifanyia leo.

Wiki nzima nimekuwa nikiipanga roboti ya kuchezea ambayo bosi anataka ivutie wateja hapa dukani Mikocheni. Kwenye kompyuta unachora viduara na kuviunganisha kwa mishale: kiduara cha kutembea, cha kugonga mlango wa boksi, cha kusubiri. Mlango usipofunguliwa, mshale unairudisha ilikotoka.

Leo nilimwonyesha Zuhura. Roboti ikaenda, ikagonga, ikasubiri kidogo, ikageuka.

"Kaka Selemani, mgeni wako ana haraka ya wapi? Hodi ni tatu. Huyu kapiga moja, kanuna, kaondoka."

"Ni mashine tu, Zuhura."

"Mashine kafunzwa na nani?"

Nilicheka naye.

Mwezi wa tisa nilikwenda Boko kwa dada Mwanaidi. Hatujasemezana tangu tulipogombana kwenye msiba wa mama. Nilipiga hodi moja, nikasikia redio ndani, nikageuka. Tangu siku hiyo najiambia kwamba hanitaki. Ndugu mwingine sina, na Jumapili zangu ni ndefu.

Jioni nimeongeza viduara viwili vya kugonga. Sasa roboti inasimama pale mlangoni mpaka naona aibu kuitazama.

Naogopa kwamba hata kwa hodi ya tatu dada hataitika. Lakini kesho nitakwenda. Kule Boko bado nina hodi mbili.