Mwiko Mufupi wa Noeli

Mujikulu wangu Ngoy,

Jambo yako kutoka huku Kampemba. Mvula ilianza, tuko bazima. Shangazi yako aliolewa, akaenda kwa bwana yake, sasa nyumba nimebaki nayo peke yangu.

Unaniuliza utanunulia bantu ya nyumba nini kwa Noeli, maana feza yako ni kidogo. Ya mama yangu pia ilikuwa kidogo. Mwaka moja hakuuliza muntu anataka nini. Alikuwa anatuangalia tu mikono. Baba, mwenye kutumika ku reli, alikuwa anafunga bilato na waya. Mama akamununulia kamba. Mimi nilikuwa nangojea robe mupya. Akanipa mwiko.

Nililia, Ngoy! Mama akasema: «Ukisonga bukari na mwiko yangu murefu, inakupiga kidevu. Hii nilichongesha sawa na kimo yako.»

Siku ile ya Noeli nilisonga bukari ya nyumba yote, na baba akaomba nimuongezee. Robe ingepasuka zamani. Mwiko ingali hapa.

Basi, mbele ya kwenda soko, kumbuka kwanza mikono ya kila muntu.

Na mimi? Ninunulie nyungu ndogo. Ningali napikia katika ile kubwa, na kila siku bukari inabakia, kama vile ninyi wote mutaingia kula.

Lakini kama utakuja mwenyewe, usinunue kitu. Ile kubwa itatosha.

Ni mimi nkambo yako, niko naangalia mulango.