Rangi Iliyobambuka Upande wa Kulia

Shikamoo, Fundi Bura.

Siwezi kuanza bila kukuamkia, hata sasa. Ni mimi Paskalina, binti kutoka Tlawi uliyemfundisha kushika spana. Tangu tukuzike, ile ndege ndogo ya kliniki imebaki mikononi mwangu, na kuna jambo limenisumbua hadi nikaanza kumshuku kila mtu. Hata wewe. Nivumilie, nitafika huko.

Rangi ya kifuniko cha injini ilianza kubambuka. Upande wa kulia, chini, sehemu ya ukubwa wa kiganja. Kwanza yalitokea malengelenge, kisha magamba meupe yakawa yanadondoka kwenye nyasi za uwanja. Rubani alisema ni rangi yako, kwamba ulipaka ukiwa mgonjwa. Nilichukia. Ulinifundisha kwamba kabla ya kumlaumu mpakaji niangalie kwanza joto, mafuta na maji. Lakini hasira ilinitangulia, Fundi, nikatafuta mtu.

Nikamshuku Gidahuda, mlinzi wetu mpya kutoka Gendabi. Ana ng'ombe nyumbani, nami nikajiambia ameosha ndege kwa ndoo aliyochanganyia dawa ya kuogeshea mifugo. Ushahidi sikuwa nao. Nilimwona tu siku moja ameinama karibu na injini. Basi nikanusa ndoo zake. Nikaficha sabuni. Siku tatu nilimsalimia kwa mdomo tu. Mwishowe nikamuuliza mbele ya rubani, na sauti yangu haikuwa nzuri.

Hakukasirika. Alisema, "Mimi nafukuza mbuzi uwanjani. Ndege yenu siigusi. Ila asubuhi mkiiwasha, pale palipobambuka panatoka moshi mwembamba. Niliinama kuutazama."

Nikaenda nikainama palepale.

Ndipo nikamkumbuka Mama Elizabeti, muuguzi wetu. Amekuwa akilalamika kichwa kinamuuma kila wakiruka asubuhi za baridi, wakiwa wamefungulia hewa ya joto. Sote tulimwambia anywe maji. Hewa hiyo, kama ulivyonionyesha, hupashwa na bomba la moshi kabla ya kuingia walipokaa watu.

Rubani alikuwa tayari amevaa koti, na kule Mbulu akina mama walikuwa wanasubiri chanjo za watoto. Nikamwambia ndege hairuki. Akasema hajawahi kusikia ndege iliyoangushwa na rangi. Nikatia ufunguo mfukoni, nikaanza kufungua skrubu.

Ufa ulikuwepo. Kwenye bomba, pale linapobanwa, mwembamba, na majivu ya kijivu yameuzunguka. Moto ulikuwa unapuliza moja kwa moja kwenye bati la kifuniko, na moshi wake ulikuwa unawafikia ndani. Rubani alimulika kwa tochi, kisha akakaa chini kwenye nyasi.

Ningefurahi kama ingeishia hapo. Lakini nilipopiga msasa ili nipake upya, chini ya rangi yako nilikuta kovu jingine la zamani la kuungua, la kahawia, mahali palepale. Ulilikuta, ukalisawazisha, ukapaka juu. Nilikaa nikilitazama nikiwaza mabaya. Kwamba ulijua. Kwamba ulichoka, ukaficha. Nikaanza kuipitia kichwani kila kazi yako niliyoishuhudia, nikijiuliza ipi ilikuwa ya kweli. Sikupenda nilivyokuwa siku zile.

Nikaenda kwako Mogitu, nikamuuliza mkeo bila kumzungusha. Mama Yohana alisema macho yako yalikuwa yameingia ukungu, nawe ulikataa watu wajue. Nikalia pale pale, kwa sababu nilijua. Miezi ile ya mwisho namba ndogo ulikuwa unaniomba nikusomee. Ulisema miwani umeisahau nyumbani. Kila siku umeisahau. Nami nilisoma nikanyamaza, nikidhani hiyo ndiyo heshima.

Kwa hiyo nadhani kovu ulilisikia kwa vidole, na ufa hukuuona. Nadhani. Shaka haijaniisha yote, na wewe huwezi tena kunijibu. Lakini kosa hilo tunalo wawili.

Bomba limebadilishwa. Mama Elizabeti haumwi kichwa tena. Gidahuda nilimwomba radhi mbele ya rubani, kama nilivyomtuhumu mbele yake. Alicheka kidogo, akaniambia niende nikawaombe radhi na ng'ombe wake.

Kwenye kitabu cha matengenezo nimeandika yote. Lile kovu la chini nilitaka kuliacha, jina lako lisiguswe. Kalamu ilikaa juu ya karatasi... nikaliandika. Usinikasirikie.

Nakuaga sasa, Fundi wangu, baba yangu wa kazi. Nakuahidi jambo moja. Siku macho yangu yakianza kuona ukungu, nitasema mwenyewe, mbele ya watu, kabla mtu hajaanza kunisomea namba kwa huruma.

Mimi,
Paskalina