Masale ya Mama Anande

Usa River

Mdogo wangu Gerson,

Huku tu wazima, na mvua imeanza. Mwenyekiti ameniomba niandike asili ya mtaa wetu. Niliandika kwamba baba aligawa shamba lake la kahawa kuwa viwanja, na watu wakajenga. Sikuandika kwamba kwanza alituamuru sisi wawili tung'oe masale, mimea ya kuonyesha mpaka, tukamega shamba la jirani yetu Mama Anande.

Jumapili, baada ya ibada, mama huyo aliniuliza, "Mwalimu, na masale yangu umeyaandika?" Nilimpa shikamoo tu, nikaenda zangu.

Ana miaka tisini. Ukweli nimeuandika upya, na jani la isale la kumwomba radhi, kama ilivyo desturi yetu, nimelikata. Tuling'oa pamoja, sitaki kulipeleka peke yangu. Njoo Jumamosi, kabla hajatutangulia.

Kaka yako,
Elirehema